Mama Yako Anatazama Wapi

3 Februari

Mwanangu Chiriku,

Usishtuke kuona barua. Hakuna aliyekufa. Ni kwamba mimi na simu tumeshindwana: sikio la kushoto limestaafu kabisa, na la kulia linafanya kazi siku linapotaka. Juzi ulipopiga nilisikia "nguo", nikasikia "Jumapili", nikasikia "samaki", nikakujibu "sawa sawa, mwanangu", na mpaka leo sijui nilikubali nini. Basi tuandikiane.

Nyumba ni nzima, paa halivuji. Kimya ndicho kinanisumbua. Mama yako hakuwa msemaji, unamjua, lakini ulikuwa unajua yupo: mara kandambili, mara cherehani, mara anaguna mwenyewe kwa jambo alilolikumbuka. Siku hizi nakohoa makusudi ili nyumba ijue kuna mtu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Fundi Redio wa hapa kona ameniambia filamu ya mama yako inatolewa kwenye diski, na wanaoitoa ni haohao waliokuajiri. Kweli? Na wewe ulivyo na mdomo, hili umelimezaje? Mimi sijaiona tangu ilipooneshwa kwenye jumba la sinema, na wewe wakati huo hata hujafikiriwa. Hadithi unaijua. Mimi nilikuwa seremala wa kujenga zile nyumba za uongo, mama yako alikuwa anashona mavazi ya waigizaji. Siku ya kupiga kipande cha stesheni watu wakapungua, wakamvalisha gauni alilolishona kwa mkono wake, wakamsimamisha kwenye umati wa wanaoaga treni. Ni kipande kifupi. Lakini mle anapumua, mwanangu. Picha zote nilizo nazo ukutani amekaa kama anasubiri kuitwa na daktari. Mle anageuza shingo.

Kuna jambo nataka kuliangalia katika kipande hicho. Usiniulize. Nikishaliona nitatulia.

Ila nakuomba kitu kimoja: usiniletee zile diski zenye mikanda myeusi juu na chini. Fundi Redio alinionyesha moja, nikajihisi nachungulia watu chini ya mlango. Wamekata picha, halafu wanatuuzia giza! Mimi nataka ile inayojaa kioo chote cha televisheni yangu ya chogo. Nataka picha nzima, mama yako asikatwe hata ukucha.

Kula vizuri. Usikae na mashine hizo mpaka macho yaingie ndani.

Baba yako,
Seremala Mstaafu


14 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisomea kazini, nikacheka peke yangu mpaka Bosi akafungua mlango kuangalia kama niko na mtu. Nilichokuuliza kwenye simu ni kama nguo ulizofua Jumapili zilikauka, na kama bado unakula samaki. Kwa hiyo hujakubali jambo lolote la hatari.

Ni kweli kuhusu filamu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka iwe zawadi. Na si kwamba inatoka hapa tu, ni mimi mwenyewe niliyepewa kuiandaa. Tunatoa nakala za aina mbili, moja yenye mikanda myeusi na nyingine inayojaa kioo. Nakutumia inayojaa kioo, kama ulivyotaka. Mama anaonekana vizuri sana. Nilihakikisha kwa macho yangu.

Mimi sijambo. Chumba changu cha kazi hakina dirisha, lazima kiwe giza ili rangi zionekane sawasawa, kwa hiyo mvua huwa naisikia kwa watu. Jumapili nafua, napiga pasi, namaliza mapema, halafu siku nzima inabaki inanitazama. Nafikiria kukupigia, nakumbuka sikio.

Ukiiona filamu, niandikie.

Mwanao,
Chiriku


14 Februari

Mama Mkubwa wangu, shikamoo,

Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na kwa sababu ulikuwa dada yake.

Unakumbuka filamu aliyosimama Mama, akiwa msichana. Imeletwa kwangu niiandae. Nikueleze kazi yenyewe ilivyo, maana bila hivyo hutanielewa. Filamu za sinema za zamani zilipigwa pana, ndefu kwa upande. Televisheni za nyumbani nyingi ni za mraba. Ukiiweka picha pana yote kwenye kioo cha mraba, inabaki nafasi juu na chini, ndiyo ile mikanda myeusi watu wanayoilalamikia. Wakitaka ijae kioo, hapana budi tukate pembeni, na inayokwenda ni karibu nusu ya picha. Anayechagua nusu gani ibaki ni mimi. Nina kisanduku kwenye mashine, nakisogeza kushoto au kulia, na kilichobaki nje hakipo tena.

Kwenye kipande cha stesheni, Mama yuko kushoto. Waigizaji wakuu wanaagana katikati. Kulia kuna bendi. Na mbele ya bendi, Mama Mkubwa, kuna kijana wa tarumbeta.

Mama aliniambia habari zake hospitalini, wiki ile ya mwisho. Alisema kabla ya Baba kulikuwa na mpiga tarumbeta, wakaahidiana, bendi ikaondoka na yeye akaondoka nayo, hakurudi wala hakuandika. Akanishika mkono: "Usimwambie baba yako. Atajiona alipewa makombo." Nikaapa.

Sasa nimemwona. Nimemwona pia Mama anavyomtazama. Sikuwahi kumjua Mama mwenye uso ule. Nililia mbele ya mashine, si kwa sababu nina hasira naye. Nililia kwa ajili ya Baba.

Nimekisogeza kisanduku kushoto. Mama amebaki, yule kijana ametoka. Baba mwenyewe ameniandikia anataka nakala inayojaa kioo, anadhani ndiyo picha nzima na kwamba mikanda myeusi ndiyo inayokata. Amelielewa jambo kinyume kabisa, na mimi nimemwacha hivyohivyo. Anasema kuna jambo anataka kuliangalia, hasemi ni nini. Nimekosea?

Mtoto wako,
Chiriku


25 Februari

Wewe mtoto,

Hujakosea. Kata, tena ukate na masikio ya yule tarumbeta.

Namkumbuka vizuri. Meno mazuri, viatu vinang'aa, kichwani hamna kitu. Mama yako alimwaga machozi kwa ajili yake mpaka nikachoka kubembeleza, nikaanza kumgombeza. Halafu akaja baba yako kuposa, amevaa shati la kuazima lililombana kwapani, anajichekea bila sababu. Nikamwambia mdogo wangu, huyu hapa hatakukimbia, hata akitaka, shati halimruhusu. Ndiyo siku ya kwanza alicheka tangu bendi iondoke.

Baba yako hajui kitu na hana haja ya kujua. Mtu wa umri wake, sikio moja, nyumba tupu, umwongezee na hili? Mdogo wangu alikuwa mke mwema. Alimtunza mume wake mpaka alipoishiwa nguvu. Basi yanatosha, yaliyobaki ni ya kwake na ameondoka nayo.

Akiuliza sana, mwambie chochote. Nyinyi watu wa picha mnadanganya kwa mshahara, mara hii danganya bure.

Magoti yangu ni yaleyale. Njoo siku moja, sio kila siku barua.

Mama yako Mkubwa


9 Machi

Mwanangu,

Imefika. Fundi Redio alinifungia nyaya za deki akaondoka, nikafunga mlango.

Nilipomwona nilisimama. Sijui kwa nini, nilisimama tu kama mtu aliyetembelewa na mgeni wa heshima. Gauni lile lilikuwa la rangi ya ndimu, nilikuwa nimeshasahau. Nywele kazibana. Nilimwita kwa jina lake, tena kwa sauti, halafu nikaona aibu peke yangu sebuleni.

Nakushukuru. Sijui kusema zaidi ya hapo.

Lakini kuna jambo. Waigizaji wanaagana, sawa, mama yako yuko nyuma yao kushoto, sawa. Halafu anageuza shingo na anatazama upande wa kulia, anatabasamu. Anatazama nini? Kioo kimeishia mgongoni kwa yule mwigizaji mwenye kofia. Nimeirudisha mara nyingi. Nilifika hata kusogeza kiti pembeni ya televisheni, nikachungulia kwenye ubavu wake kama mjinga, nikidhani nitaona anachokiona.

Nikaenda kumuuliza Fundi Redio. Akachukua boksi la viatu, akalikata likawa kipande kirefu, akachora watu. Halafu akachukua jingine akalitoboa tundu la mraba, akaliweka juu. "Mzee," akaniambia, "hii inayojaa kioo ndiyo iliyokatwa. Yenye giza juu na chini ndiyo nzima." Nikabishana naye mpaka wateja wakakusanyika. Nikamwambia, mimi ni seremala, unataka kunifundisha fremu? Akanisogezea lile tundu huku na huku, watu wanaingia, watu wanatoka. Nikakubali. Nimekuwa nikiwatukana bure wale wenye mikanda myeusi.

Basi naiomba hiyo nyingine, Chiriku. Nataka kuona mama yako anatazama wapi. Ndilo jambo lenyewe nililokuambia usiniulize. Sina jingine ninalolitaka siku hizi, wala chakula sikijali sana. Nitavumilia giza la juu na la chini.

Baba


18 Machi

Shikamoo Baba,

Nimefurahi umemwona. Hata mimi sikuijua hiyo rangi ya ndimu mpaka nilipoiona.

Fundi Redio yuko sahihi, samahani sikukufafanulia mapema, kazi zilikuwa nyingi. Tatizo ni kwamba ile nakala pana imechelewa. Mashine ya kuzichapa imeharibika na Bosi anasubiri kifaa kutoka mbali, sijui lini kitafika. Huenda hata wakaamua kuiacha.

Lakini usijisumbue, Baba, upande ule hakuna kitu cha maana. Ni ukuta wa stesheni na watu wachache tu. Mama alikuwa anatazama treni inayokuja, kama watu wote mle. Waliambiwa watabasamu.

Tafadhali kula. Mimi nakujali hata kama niko mbali.

Chiriku


27 Machi

Chiriku,

Treni haikuwepo siku ile. Ilipigwa picha siku nyingine, mahali pengine, wakaziunganisha baadaye. Sisi tulichokuwa nacho ni moshi wa matairi tuliyoyachoma nyuma ya ua. Nilikuwepo, mwanangu. Matairi niliyabeba mimi.

Na hiyo nakala pana, Fundi Redio anasema ameiona dukani mjini, imepangwa dirishani.

Sikuambii ili kukuaibisha. Unazo sababu zako, umeshakuwa mtu mzima. Sitamtuma Fundi Redio aninunulie. Kama ni wewe uliyeamua nisiione, basi sitaiona. Labda sina haki ya kuuliza.

Paa bado halivuji.

Baba


5 Aprili

Baba yangu,

Mashine haikuharibika. Nakala pana iko ndani ya bahasha hii.

Nilikudanganya, na uongo wenyewe nimeusema vibaya, kwa mtu aliyebeba matairi. Barua yako nimekuwa nayo mfukoni tangu ilipofika. Ungenigombeza ningepata nafuu. Ulivyoandika kwamba labda huna haki ya kuuliza, nimeshindwa kulala na kushindwa kufanya kazi.

Sasa nakuambia kabla hujaiweka kwenye deki. Upande wa kulia kuna bendi, na mbele ya bendi kuna kijana anapiga tarumbeta. Mama anamtazama yeye. Alikuwa mtu wake kabla yako. Mama aliniambia hospitalini na akaniapisha, akisema utajiona ulipewa makombo. Nimevunja kiapo cha marehemu na sijui nitaulizwa wapi. Kisanduku nilikisogeza kushoto mimi, kwa mkono wangu, ili wewe ubaki na Mama bila yule mtu.

Kama unaweza kuiacha diski hii kwenye bahasha, iache, Baba. Nakuomba. Kama huwezi, keti kwanza.

Nisamehe.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Niliketi, kama ulivyosema. Fundi Redio alitaka tuangalie pamoja, nikamwambia nina mgeni. Mikanda myeusi niliizoea haraka kuliko nilivyodhani, baada ya muda mfupi sikuiona tena.

Sasa nikuambie na mimi, maana umeniambia lako. Mpiga tarumbeta namjua. Nilijua kabla ya kwenda kuposa. Bendi ilipoondoka nilimkuta mama yako nyuma ya banda la mavazi, analilia kwenye gauni la mwigizaji, nikamletea maji ya kunywa na sikumuuliza. Wenzangu wakanisimulia kila kitu, hata ambacho sikutaka. Nikaenda kuposa hivyohivyo. Kwa hiyo neno makombo lifute. Hakuna aliyenipa kwa kunificha, niliomba mwenyewe nikijua. Pole yako mama yake Chiriku, umebeba siri miaka yote hiyo kumficha mtu aliyekuwa nayo mfukoni mwake.

Lakini wewe hujaniona?

Rudisha ile picha. Nyuma ya tarumbeta kuna ofisi ya tiketi. Niliijenga mimi, plaiwudi na misumari michache. Upepo ulikuwa mkali, ukuta ukaanza kuyumba, mwongozaji akapiga kelele, wakaniingiza ndani niushikilie kwa mikono mpaka wamalize. Niliamriwa nisionekane. Nikachungulia kwenye dirisha la tiketi. Kile cheusi kilichomo dirishani si kivuli. Ni baba yako.

Na kutoka pale dirishani, mwanangu, alikuwa ananitazama mimi. Mstari mmoja ulionyooka: macho yake, yule bwana, halafu mimi. Yule bwana nilimwona mgongo tu, sikumtilia maanani. Nikasema moyoni, yule mshonaji ananitazama, tena anatabasamu. Mikono inauma, ukuta unanielemea, na mimi nacheka ndani ya plaiwudi. Jioni nikanyoa ndevu, nikamfuata, nikamsalimia. Bila hivyo nisingethubutu hata siku moja, nilikuwa mtu wa kuongea na mbao. Kwa hiyo wewe, Chiriku, umezaliwa kwa sababu nilikosea kujua macho ya mtu yanaelekea wapi.

Baada ya siku chache nilishaujua ukweli. Ila kuna sehemu ndogo ndani yangu haikukubali. Miaka yote ya ndoa nilijiambia, labda alianza kwa kumtazama yule, halafu macho yakampita, yakafika dirishani, hata kwa kupepesa tu. Sikumuuliza. Utamuulizaje mtu anayekupakulia chakula? Sasa hayupo wa kuulizwa, ndiyo maana nikaitaka filamu.

Nimeangalia. Nimesimamisha, nimerudisha, nimeangalia tena. Kuna mahali yule bwana anainama kugeuza karatasi yake ya muziki, na dirisha lote linabaki wazi. Mimi nipo pale, nimenyoosha shingo. Nafasi ilikuwa hiyo. Mama yako anainamisha macho pamoja naye, anamfuata mpaka chini, anamsubiri ainuke.

Hakunitazama. Hata mara moja.

Inauma, sikufichi. Naona wivu wa kijana, na yule bwana pengine hata meno hana tena. Sisemi mama yako hakunipenda. Alinipenda kwa namna yake, alinishonea mashati yanayonienea, nilipougua alikaa kitandani kwangu mpaka nikamfukuza akapumzike. Nasema tu kwamba jinsi alivyomtazama yule, mimi sikuwahi kutazamwa na mtu, na nilikuwa najua, na sikuwa na wa kumwambia. Haya, sasa nimesema.

Usijilaumu kwa kuikata. Ile diski ya kwanza nimeirudisha kwenye jalada lake, na hii nimeirudisha kwenye lake. Nimeziweka pamoja juu ya televisheni. Sijui nitakuwa naangalia ipi. Katika ile ya kwanza bado naweza kudhani.

Baba yako


29 Aprili

Baba,

Barua yako imefika mchana. Sikuimaliza mara moja. Nilipofika kwenye ofisi ya tiketi niliiacha mezani, nikakimbilia mashine.

Kipande kile nimekipitia picha moja moja, ndiyo kazi inayonilisha. Mikwaruzo na madoa ya upande ule wote nimeyasafisha mimi. Na dirishani, Baba, niliona kitu. Nilidhani ni doa la filamu. Niliweka alama ya kukifuta, halafu Bosi akaniita kwa jambo jingine, nikasahau kurudi. Hiyo tu ndiyo sababu bado umo.

Nilimwona Mama na yule bwana tu. Niliwatazama kwa hasira na kwa huruma, nikakuhurumia wewe uliyekuwa mbali nyumbani, kumbe uko palepale mbele yangu unashikilia ukuta. Mama hakukuona, na mimi sikukuona. Sitakudanganya tena ili upate nafuu: nimeangalia pale anapoinama yule bwana, na ni kama ulivyosema. Hakugeuza macho.

Nimeomba likizo. Bosi amenuna, lakini amesaini. Nafika Ijumaa kwa basi la asubuhi, usije kunipokea, njia naijua. Nitalala chumba cha cherehani. Nitakaa mpaka utakaponichoka, na ukinichoka nitakaa kidogo zaidi.

Kabla sijafunga mashine nilifanya jambo moja. Nilimfunika mpiga tarumbeta kwa kiganja, nikamfunika na Mama, anisamehe. Nikakuvuta karibu mpaka ukakijaza kioo, wewe peke yako. Umeshika ukuta kwa mikono yote miwili, una vumbi la mbao kwenye nyusi, na huitazami kamera wala bendi. Hakuna mtu aliyeitazama filamu hii kuliko mimi, Baba. Wale waigizaji wawili walioko katikati walilipwa wakae wakitazamana kwa mapenzi, na hawakuweza kumtazama mtu kama ulivyokuwa unamtazama Mama.

Mwanao,
Chiriku